Boti ya matanga iliyotumika: anza na karatasi na mikuku, friji itasubiri

SWALI: Shikamoo nahodha. Mimi ni mwalimu, naishi Kisauni na mke wangu na watoto wawili. Nimeonyeshwa boti ya matanga ya faiba iliyofungwa boyani katika hori ya Mtwapa. Ni Westerly Centaur ya futi 26, iliyoundwa mwaka 1975. Mwenyewe ni Mwingereza anayerejea kwao, na anataka shilingi 1,400,000. Akiba yangu yote ni milioni mbili. Nimekwisha kuandika orodha ya vitu nitakavyoongeza: sola, friji, matanga mapya, rangi ya nje, GPS ya skrini kubwa na mtambo wa kushika usukani. Nia yangu ni kwenda Kilifi na Shimoni wakati wa mapumziko, na siku moja tufike Pemba. Je, ninunue? Nikinunua, nianze na lipi? Muuzaji anataka amana ya 200,000 kabla Oktoba haijaisha, na anasema yuko mnunuzi mwingine.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Chombo ulichoonyeshwa ni cha aina inayoifaa pwani yetu, na bei uliyotajiwa haiwezi kuitwa ghali wala rahisi mpaka mambo mawili yajulikane: hali ya karatasi zake na hali ya mikuku yake, yaani mapezi mazito yaliyo chini ya boti. Katika orodha yako halimo hata moja kati ya hayo mawili, na kwa sababu hiyo nakuomba uikunje orodha hiyo kwanza. Tutaifungua tukifika mahali pake.

Naanza na karatasi kwa kuwa ndizo zinazoweza kukugharimu zaidi bila ya kuonekana. Baadhi ya boti za kigeni zilizofungwa katika hori zetu ziliingia nchini na wageni waliokuja kutembea, na forodha iliziruhusu kukaa kwa muda bila ya kulipiwa ushuru. Ruhusa ya namna hiyo humfuata mgeni na safari yake, wala haihamii kwa mnunuzi. Chombo kama hicho kinapouzwa kwa mkazi wa Kenya, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inakihesabu kuwa bidhaa iliyoingizwa nchini, na hapo hudaiwa ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine za uingizaji. Mwombe muuzaji akuonyeshe hati halisi za forodha zinazothibitisha kwamba ushuru ulilipwa, kisha umpelekee wakala wa forodha aliyesajiliwa azichunguze na akuandikie kadirio la chochote kinachodaiwa. Kama ushuru haukulipwa, deni hilo ama alimalize yeye kabla ya mauzo, ama likatwe kwenye bei kwa maandishi. Maneno ya mdomo kwamba boti imekaa hapa miaka mingi na hakuna aliyewahi kuuliza hayana uzito wowote, kwani siku ya kuulizwa ni siku utakayokwenda wewe kuiandikisha.

Kuiandikisha ni kazi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bahari nchini, KMA, ambayo pia hukagua vyombo vidogo na kuvipa leseni. Watataka hati ya mauzo inayoonyesha mlolongo wa wamiliki, na ikiwa boti bado imo katika daftari la Uingereza, muuzaji aiondoe huko na akupe uthibitisho. Linganisha kwa macho yako namba ya injini na ile iliyoandikwa katika karatasi. Uliza pia, kwa mwenye boya na kwa mlinzi wa hapo Mtwapa, kama kuna deni la ada ambalo halijalipwa. Deni la boya huwa na tabia ya kukifuata chombo kuliko kumfuata aliyelikopa.

Sasa tuje kwenye mikuku, na hapa nitakaa kidogo. Centaur zaidi ya 2,400 ziliundwa Uingereza kati ya mwaka 1969 na 1980, na sifa yao kubwa ni kuwa na mikuku miwili mifupi mahali pa mmoja mrefu. Boti inazama sentimita 90 hivi tu, na maji yakipwa inakaa wima mchangani bila ya kuegemezwa na magogo. Katika bahari ya Mombasa, ambako wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, hiyo ni neema, kwani unaweza kuikagua, kuisugua na kuipaka dawa ya chini bila ya kukodi kreni. Hata hivyo mikuku hiyo ndiyo udhaifu wake unaojulikana. Kila mmoja umekazwa kwa bolti kwenye mwili wa faiba, na kwa kuwa umeinamia nje, uzito wa tani tatu unapokaa chini huwa unajaribu kuitanua. Katika boti za aina hii ambazo hazikuongezewa nguvu, faiba iliyo juu ya shina la mkuku hupinda kidogo kila boti inapopwelewa, yaani inapoketi mchangani maji yakipwa, na kidogo hicho kikirudiwa kwa miaka hamsini huzaa nyufa.

Basi mwombe muuzaji akubali chombo kipwelezwe mbele yako na mbele ya mkaguzi utakayemlipa wewe mwenyewe. Chagueni mchanga mgumu, tambarare, usio na mawe. Bamvua ya hapa kwetu imejipanga vizuri kwa kazi hii: maji hujaa karibu saa kumi alfajiri, hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa tena saa kumi alasiri, kwa hiyo mna asubuhi nzima yenye mwanga. Lakini msikipweleze siku ya kilele cha bamvua maji yakiwa juu kabisa, kwa maana maji ya siku zinazofuata hayatafika pale, na chombo kitaketi nchi kavu kikingoja bamvua nyingine wiki mbili baadaye. Fanyeni siku moja au mbili kabla ya kilele, tena maji yakiwa yamekwisha kuanza kushuka. Jedwali la maji hutolewa na Mamlaka ya Bandari, na mvuvi yeyote wa Mtwapa atakusomea mwezi vilevile.

Wakati chombo kinaanza kugusa, mkaguzi awe ndani, amefunua mbao za sakafu juu ya ngama, yaani tumbo la chini la boti maji yanapokusanyika, na kiganja chake kimelala juu ya faiba karibu na nati za mkuku. Faiba iliyo nzima haisemi kitu. Ile iliyochoka huinuka chini ya kiganja kiasi cha kuhisika, na mara nyingine hutoa mlio mwembamba wa kukwaruza. Ndani humo tazameni kama kuna nyufa zinazotawanyika kutoka kwenye nati, kama kuna kutu inayochuruzika, na zaidi ya yote kama mmiliki fulani wa zamani aliweka mataruma, yaani mbavu za faiba, yanayokata ngama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mataruma hayo yakiwapo, na yameshikamana vizuri, boti hii imepanda thamani machoni pangu. Maji yakishapwa, laleni chini mtazame kiungo cha mkuku na mwili kwa nje. Mstari mwembamba wa rangi iliyopasuka si jambo la kukukosesha usingizi. Ufa unaoingiza ncha ya kisu, au maji ya kahawia yanayoendelea kudondoka saa nzima baada ya bahari kuondoka, ni jambo la kusimamisha mazungumzo ya bei mpaka fundi wa faiba aseme gharama yake. Kazi yenyewe inawezekana hapa hapa, kwani mafundi wa faiba wapo Mtwapa na Kilifi, lakini ni kazi ya wiki kadhaa juu ya nchi kavu, ya kukata, kusugua na kujenga upya kwa tabaka za faiba na epoksi, pamoja na kuweka sahani pana za stenlesi chini ya nati. Atakayekuambia ataimaliza kwa siku mbili kwa kuziba nyufa na kupaka rangi, mshukuru na umpite.

Mkiwa hapo chini, gongeni mwili mzima polepole kwa nyundo ya plastiki. Faiba nzima hutoa sauti kavu na kali. Iliyoachana tabaka au iliyolowa hutoa sauti nzito, kama mtu anayegonga gunia la unga. Mtakuta pia malengelenge chini ya mstari wa maji, kwa sababu faiba ya miaka hiyo ilijengwa kwa rezini inayopitisha maji taratibu, na bahari ya joto huharakisha mambo. Mkipasua lengelenge mkapata maji yenye harufu ya siki, msishtuke. Machache yaliyotawanyika hukwanguliwa, hukaushwa na kuzibwa, na ni sababu ya kupunguza bei zaidi kuliko ya kukimbia. Yakiwa yameenea kila mahali, hesabu inabadilika, kwani mwili wote utahitaji kukwanguliwa na kuachwa ukauke kwa miezi.

Jambo la tatu kwa uzito ni mlingoti na waya zake. Mlingoti wa Centaur haushuki hadi chini ya boti; umeketi juu ya sitaha, na ndani kuna nguzo inayobeba mzigo huo wote. Maji ya mvua yakipenya hapo kwa miaka, mbao huoza kimya kimya na sitaha huanza kubonyea. Weka rula chini ya mlingoti uone kama sitaha imezama, kisha uingie ndani ufungue na kufunga mlango ulio karibu na nguzo. Mlango unaokwama kwa juu ni dalili kwamba kitu kimeshuka.

Waya zinazoushikilia mlingoti zina umri wa kazi wa miaka kumi hadi kumi na mitano, na kwa jua na chumvi ya Mombasa mimi huhesabu kumi. Kama muuzaji hana risiti ya kuonyesha zilibadilishwa lini, zihesabu kuwa zimezeeka. Waya haziharibiki sana katikati; huharibika pale zinapoingia kwenye kichwa cha chuma, hasa kile cha chini ambacho maji ya chumvi hutuama ndani yake. Chukua kioo cha kukuzia utafute nyufa nyembamba za urefu na madoa ya kahawia, kisha upitishe kitambaa laini juu ya waya: uzi mmoja uliokatika utakinasa. Waya moja ikiwa mbaya, badilisha zote. Na utakaponunua, ulizia stenlesi ya daraja la 316 yenye alama au cheti, kwa sababu ile ya 304 inayouzwa kwa wingi kwa ajili ya vyuma vya ngazi na madirisha hung'aa vivyo hivyo dukani, na sumaku haitakusaidia kuzitofautisha.

Mengine nitayapitia haraka. Vali za kupitisha maji zilizo chini ya mstari wa bahari zikwangue kidogo kwa kisu: rangi ya manjano ni salama, rangi ya waridi maana yake zinki imeliwa na vali inaweza kuvunjika mkononi mwako. Usukani mara nyingi huwa umenyonya maji, nao hujulikana kwa kudondoka matone muda mrefu baada ya boti kuwa nchi kavu. Meko ya gesi iwe na kisanduku cha mtungi chenye tundu la kutolea nje, kwani gesi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa hadi ngamani.

Injini, ambayo katika boti nyingi za aina hii ni dizeli ya Volvo Penta, uikague ikiwa baridi. Fika kabla ya saa mliyopatana na uiguse. Ikiwa tayari ina joto, omba radhi urudi siku nyingine. Ikishawaka, moshi mweusi unaodumu ni mafuta yasiyoungua vizuri au mzigo uliozidi, wa buluu ni oili inayoungua, na mweupe usiokoma ni maji au dizeli mbichi. Tazama maji yanatoka kwenye ekzosi kwa wingi, kisha uiendeshe kwa nguvu ukiwa umefunga boti gatini na gia imeingia, au bora zaidi mkiwa baharini, kwa muda wa kutosha kuona kama joto linapanda. Najua watu watakushauri uing'oe ufunge Yamaha ya petroli nyuma, kwa kuwa spea zake ziko kila duka na kila fundi anaijua. Hoja hiyo ina ukweli wake ndani ya hori. Nje, katika mawimbi ya kusi, ule upepo mkali wa kusini, propela ya injini ya nyuma hutoka majini kila tezi, yaani nyuma ya boti, inapoinuka, na katika mlango wa Kilindini, pamoja na meli zinazoingia na feri za Likoni zinazokata njia, hutaki injini ambayo mara inashika mara haishiki. Dizeli ikiwa nzima, ihudumie na uiache palepale.

Sasa fedha. Kama karatasi ni safi na mikuku imekwisha kuongezewa nguvu, usivuke 1,100,000. Tenga laki moja kwa mkaguzi, wakala na wakili. Laki sita kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Na laki mbili zibaki benki bila ya jina, kwa sababu chombo cha mwaka 1975 hakiwezi kukosa kukuomba kitu usichokitarajia. Kama mikuku haijaguswa, gharama ya kuijenga itoke kwenye ile milioni moja na laki moja, yaani itoke kwa muuzaji. Boya, mlinzi na bima huwezi kuvilipa kwa akiba hiyo. Viwe na nafasi yao katika mshahara wa kila mwezi, na kama nafasi hiyo haipo, ni afadhali uijue leo.

Naomba sasa uifungue orodha yako. Utaona sijaikataa, nimeipanga tu nyuma ya vitu vinavyozuia maji kuingia, vinavyouzuia mlingoti kuanguka na vinavyoizuia boti kuburuta nanga. Vali na mipira yake, pampu mbili za ngama, moja ya umeme na moja ya mkono, waya za mlingoti na henza za kutwekea matanga, hivyo ndivyo vya kwanza. Kisha nanga. Watu hununua skrini ya GPS ya bei kubwa wakaifunga juu ya boti yenye mnyororo wa mita kumi, ilhali hesabu ya hapa kwetu haisamehe: ukitia nanga mahali penye mita 5 maji yakiwa yamepwa, bamvua itaongeza mita 3.5 na omo, yaani mbele ya boti, iko mita moja juu ya maji, kwa hiyo ni mita 9.5, na ukizidisha kwa tano unahitaji karibu mita 48 za mnyororo na kamba. Pamoja na nanga nunua jaketi za kuokolea maisha zinazowaenea watoto wako kwa vipimo vyao wenyewe, na redio ya VHF ya mawasiliano ya baharini, yenye leseni. Chaneli ya 16 husikilizwa na kituo cha uokoaji wa baharini kilichopo Mombasa tangu mwaka 2006, ilhali simu ya mkononi inapoteza mtandao haraka ukishaacha mwamba nyuma yako.

Matanga usiyabadilishe kabla ya kuyatumia. Bana kitambaa kwa kucha mahali palipopigwa sana na jua. Kikichanika, tanga limekwisha. Kikistahimili, tatizo mara nyingi ni nyuzi za mishono, ambazo jua huziua mapema kuliko kitambaa, na kushona upya kwa uzi wa polyester unaohimili jua kutakupa misimu mingine kwa sehemu ndogo ya bei. Muhimu zaidi ni kuhakikisha njia ya kulipunguza tanga kubwa inafanya kazi, kwa sababu manahodha wa jahazi walizoea kubeba tanga kubwa na dogo wakabadilisha kwa upepo, na wewe utakuwa na moja tu. Mafundi wa maturubai mjini watakushonea vizuri kifuniko cha tanga na hema la kivuli, na hilo la kivuli mkeo atalishukuru kuliko kitu kingine chochote utakachonunua.

Kuhusu umeme, hesabu kwanza, nunua baadaye. Redio, taa za LED, simu na GPS ndogo vitakula kama ampea-saa 20 kwa siku katika mfumo wa volti 12. Paneli ya wati 100 kwa jua la Mombasa hurudisha kiasi cha ampea-saa 30. Kwa hiyo paneli moja na betri moja nzuri vinakutosha kabisa, mpaka utakapoweka friji, ambayo peke yake hula ampea-saa 40 hadi 50 katika joto letu na kukulazimisha ununue wati 200 au zaidi, betri kubwa zaidi, nyaya nene zaidi na mahali pa kuzifunga paneli zote hizo juu ya boti ya futi 26. Kwa safari za siku mbili, sanduku zuri la barafu lililojazwa vipande vikubwa kutoka mahali wanaponunua wavuvi litafanya kazi ileile. Friji sikukatazi. Ninasema iwe ya mwisho kabisa, pamoja na rangi ya nje, na nyaya utakazopitisha sasa ziwe za shaba iliyopakwa bati na za unene utakaoihimili siku itakapokuja, ili usizing'oe tena.

Mtambo wa kushika usukani nao usubiri mpaka wewe na mkeo mmejua boti inavyojiendesha matanga yakiwa yamesawazishwa vizuri, kwani mtambo mdogo uliofungwa kwenye boti isiyosawazishwa hula betri na kuvunjika.

Misimu ndiyo itakayoipanga ratiba yako kuliko mfuko. Sasa ni matlai, kipindi kati ya kusi na kaskazi, upepo ni mwepesi na bahari imetulia, na ni wakati mzuri wa ukaguzi na majaribio. Kazi ya faiba na ya rangi inataka ukavu, na miezi mikavu kuliko yote hapa ni Januari na Februari, wakati ambao pia kaskazi linavuma vizuri na kila rafiki yako yuko baharini. Itakuuma, lakini boti ikae nchi kavu miezi hiyo miwili kama mikuku ina kazi, kwa sababu ukiahirisha hadi Aprili utaingia katika mvua za masika, na Mei hakuna kitakachokauka. Ukiirudisha majini mwanzoni mwa Machi, utapata wiki chache za kwenda Kilifi kabla ya kusi.

Safari hiyo ya Kilifi, takriban maili 20 za baharini kutoka Mtwapa, ndiyo itakayokufundisha unachokihitaji kweli. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huongezeka nguvu. Kwa hiyo wakati wa kusi utafika Kilifi kwa raha na kurudi utakwenda bisho dhidi ya upepo na mkondo kwa pamoja, watoto wakitapika. Wakati wa kaskazi, mkondo unakusaidia kwenda na upepo unakusaidia kurudi. Shimoni ni zaidi ya maili 40, nako uende kwa kaskazi. Pemba iache hadi msimu wa pili; ni nchi nyingine, utahitaji kibali cha forodha na uhamiaji wakati wa kutoka na kuripoti katika bandari rasmi ukifika, na usajili wako wa KMA lazima uwe umekamilika. Baada ya msimu mmoja wa safari fupi chukua orodha uliyoniandikia uipitie upya na mkeo. Nadhani skrini kubwa itakuwa imetoka na ngazi ya kupandia kutoka majini itakuwa imeingia.

Imebaki amana. Usilipe laki mbili kwa ahadi ya mdomo, hata kama wanunuzi wengine ni kumi. Mwandikie barua ya kununua yenye bei yako, na amana ya laki moja itakayokaa katika akaunti ya wakili, irudishwe yote ikiwa hati za forodha hazikukamilika au mkaguzi akapata kasoro ambayo hamkukubaliana juu ya gharama yake. Muuzaji mwenye karatasi safi hapotezi kitu kwa masharti hayo, na anayetaka kuondoka kabla ya mwisho wa mwezi ana haraka kukushinda wewe. Akisema mnunuzi wa pili atalipa bila ya kuuliza, mwache amuuzie. Akikubali, tarehe na saa ya kukipweleza chombo iandikwe ndani ya barua hiyo hiyo, pamoja na nani atamlipa mwenye mashua ya kukivuta ikiwa injini haitawaka alfajiri hiyo.